Kidonge cha Kibonge

9 Machi

Mdogo wangu,

Usiishike bahasha hii kama kaa la moto. Hakuna aliyekufa. Mama yetu hajambo, ila amegombana na jirani kuhusu ukuta na sasa wanasalimiana kwa kukohoa. Shemeji yako yuko safarini na lori lake kama kawaida; anarudi siku mbili, anakula, analala, anaondoka. Mimi mzima, ila kazi imenizidi kimo. Yule mtu mzima anayenimalizia nguo, Mama Vifungo, yuko kwake na goti lake tangu mwezi uliopita, na bila yeye nimegundua kwamba sisi washonaji ni watu bure. Tunakata, tunashona, halafu nguo zinarundikana chumba cha nyuma bila vifungo wala pasi, huku mteja anagonga meza mbele. Mchumba wako, Mwalimu, je, hajambo? Harusi lini? Nianze kushona lini? Jibu kwa mpangilio huo huo.

Sasa jambo lenyewe. Ninakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii ni redio. Mama mkwe hasikii vizuri, kwa hiyo anaifungulia sauti yote, na kila anayepiga anasikika mpaka kwa muuza mkaa. Hapa kiwandani kwangu, yaani hiki chumba cha cherehani mbili, kalamu haina kelele.

Ni Kibonge. Unakumbuka alipozaliwa walimchoma kisigino wakapima damu, wakasema tezi yake ya shingo haitoi homoni ya kutosha. Tangu hapo kila asubuhi namsagia kidonge kwenye kijiko cha maziwa. Ana miezi saba, anacheka, anang'ang'ania kila kitu. Wiki iliyopita daktari akaniita: vile vipimo vilivyopelekwa mbali vimerudi. Akasema tezi ipo, imekaa mahali pake, hata imevimba kidogo kwa kujitahidi. Kinachokosekana ni protini moja, ambayo yenyewe haitengenezi homoni, ni msaidizi tu. Nikauliza, msaidizi wa nani? Wa kimeng'enya. Nikauliza, kimeng'enya ndiyo nini? Simu yake ikalia. Aliporudi alikuwa amesahau swali langu, na foleni ilikuwa imefika mlangoni, nikaona haya kuuliza tena.

Nilipofika nyumbani nikaeleza nilichoelewa, kwamba ni kitu cha kuzaliwa nacho. Mama mkwe akasema, "Kwetu hakuna ugonjwa wa shingo." Akachukua ufagio akaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Kama kwao hakuna, unajua kunabaki kwa nani. Neno lile lipo hapa kooni mpaka leo.

Najua utasema wewe si daktari, ni fundi wa maabara. Haya, fundi kwa fundi, nieleze. Na mwisho niambie kitu kimoja tu: ataacha lini hivi vidonge? Kila asubuhi nikivisaga mkono unatetemeka. Nikikosea? Nikisahau? Nikifa?

Ni mimi,
Dada yako


2 Aprili

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika leo, imepigwa mihuri pande zote kama mwizi wa sokoni. Nimefurahi kuwasikia, na mpe mama pole ya ukuta. Mimi mzima. Chumba ni kile kile cha ghorofa ya nne, na jirani wa ukutani anajifunza kupiga filimbi bila dalili ya kufaulu. Kazi ni ile ile ya kulisha seli kwenye visahani. Ni kama kufuga kuku, hata sikukuu wanataka kula. Maswali yako mengine nitayajibu nikipata nafasi.

Kuhusu Kibonge. Ghorofa ya juu ya maabara yetu wako watu wanaochunguza tezi hiyo hiyo. Nilipanda kwao na barua yako mfukoni, nikamkuta mama mmoja mwenye subira, akaniwekea visahani viwili chini ya hadubini. Nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Tezi inatengeneza homoni yake kwa iodini, hii hii iliyomo kwenye chumvi. Lakini iodini hainati yenyewe mahali inapotakiwa. Panahitajika haidrojeni peroksaidi, yale maji ya dukani ya kusafishia vidonda yanayotoa povu. Seli za tezi zinajitengenezea hayo maji kidogo kidogo, na mtengenezaji ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalumu. Sasa sikiliza. Kimeng'enya hicho kinaundwa ndani kabisa ya seli, ila kazi yake iko nje, ukingoni. Na hakiwezi kujipeleka. Kuna protini nyingine ndogo inayokishika, inakinyoosha mpaka kikae umbo lake, inakisindikiza mpaka ukingoni na kubaki nacho pale. Huyo ndiye msaidizi aliyekutajia daktari.

Kwenye kisahani cha kwanza msaidizi alikuwepo. Walikuwa wamekipaka kimeng'enya rangi ya kijani, na kijani chote kilikuwa kimejipanga pembeni mwa seli kama pindo la shuka. Kwenye kisahani cha pili walikuwa wamemwondoa. Kijani kilikuwa kimerundikana katikati, hakitoki. Kimeng'enya ni kizima, hakina kosa lolote, ila kimekwama humo mpaka seli yenyewe inakivunja na kukitupa. Nikamkumbuka Mama Vifungo wako. Hakati nguo wala hashoni, lakini asipokuwepo hakuna nguo inayofika mbele.

Na lile la kooni, liteme. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya kumtengeneza huyo msaidizi, moja ya mama, moja ya baba. Mwenye nakala moja mbovu kwa kawaida hana shida, wala hajui kama anayo. Kibonge amepata mbili mbovu. Kwa hiyo ni kwetu na ni kwao.

Kuna la heri pia. Tezi ina vimeng'enya viwili vya namna hii, na kila kimoja kina msaidizi wake. Inaonekana yule wa jirani huweza kuziba pengo la mwenzake, si kwa ukamilifu lakini anaziba. Ndiyo maana watoto wengi wenye hali kama ya Kibonge huja kuacha vidonge kabisa. Kwa hiyo acha mkono usitetemeke.

Wako,
Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Sisi huku wazima wa afya, na nisamehe kuchelewa. Ilikuwa msimu wa sare za shule, na ukinikuta utadhani mimi mwenyewe nimeshonwa kwa uzi wa bluu. Mama yetu na jirani wamepatana. Sasa wanamsema mtu wa tatu. Shemeji yako anakusalimu.

Barua yako niliisoma mpaka mikunjo ikataka kuchanika. Ulivyoeleza nimeelewa kuliko kliniki nzima. Na mfano wako wa Mama Vifungo ni kweli kupita ulivyojua. Ngoja nikupe habari. Unamkumbuka Dada Pindo, anayekaa cherehani ya pili? Miaka yote alisema vifungo vinamshinda, vidole vyake vinene. Mama Vifungo alipougua nikawa namshonea mimi kila jioni, mgongo unaniuma, yeye anajipodoa aende zake. Mwezi wa nne nikachoka, nikamwachia rundo lake. Siku ya kwanza alinuna. Siku ya pili aligombana na mkasi. Baadaye akashona, na sasa anashona vifungo vizuri kunizidi. Kumbe mtu akijua yupo wa kumbebea, hashiki mzigo.

Hebu niulize: huyo msaidizi wa jirani huchukua muda gani kuizoea kazi?

Kibonge hajambo. Amekuwa mtulivu mno, analala asubuhi, analala mchana, nashona bila kusumbuliwa. Mashavu yamezidi, ukimwona utacheka. Mama mkwe ndiye simwelewi. Siku hizi anamkodolea macho mtoto. Anamshika nyayo, anainama kusikiliza akilia, kisha anaondoka bila neno. Naona ananitafutia kosa. Atafute.

Na Mwalimu? Umemruka, usidhani sikuona.

Dada yako


28 Juni

Dada, shikamoo.

Leo salamu ni fupi, unisamehe. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako nikitafuta neno moja, kidonge, na halimo. Barua yako ya kwanza ilikuwa nalo kila mahali. Juzi nilipopiga simu nikakuuliza kama mtoto anakunywa kila asubuhi, ukanijibu kwa sauti ya wageni, "Maziwa? Anakunywa sana." Sikuuliza maziwa. Kwa hiyo nakuuliza hapa ambapo hakuna anayesikia: umemwachisha dawa? Nijibu ndiyo au hapana.

Kama ni ndiyo, naiona njia uliyopita mpaka ukafika huko, na mimi ndiye niliyekuonyesha. Nilikupa mfano nikaupenda kwa sababu ulikuwa mzuri. Lakini dada, mfano ni wa kuelezea, si wa kutibia. Msaidizi si Dada Pindo. Hanuni, hajifunzi, haoni kwamba rundo limekuwa kubwa. Maelekezo yake yana kasoro, na hata ukimsubiri mpaka uote mvi hatayasoma vingine. Na yule wa jirani anafanya kile anachoweza, basi. Kumwachia kazi yote hakumwongezei mikono.

Kuna jambo sikuliandika. Watoto wanaoacha vidonge huachishwa na daktari, wakishatimiza miaka mitatu hivi, kwa kupimwa damu kabla na baada. Kabla ya hapo haijaribiwi, kwa sababu ubongo unajengwa miaka hiyo, na unajengwa kwa homoni hiyo hiyo. Tezi unaweza kuisubiri. Ubongo hausubiri. Niliiacha hiyo miaka mitatu kwa makusudi. Ulikuwa unatetemeka, nikataka upumue kwanza. Nilidhani ninauma na kupuliza, kumbe nilipuliza tu.

Mrudishie kidonge leo, mpeleke kliniki, kisha unikasirikie utakavyo.

Mdogo wako


6 Julai

Dada, shikamoo.

Barua yangu ya mwisho labda bado iko njiani, lakini mimi nimeshindwa kukaa. Kazini nimemwaga chakula cha seli mara mbili, mkuu wangu akaniambia niende nikatembee. Nimetembea. Nimezunguka jengo zima kama mtu aliyepoteza funguo.

Leo nimefanya jambo ambalo utanichukia nalo, na ni bora ulisikie kutoka kwangu. Nilipiga simu ya nyumbani saa ambayo najua uko kazini. Akapokea mama mkwe wako. Tukasalimiana, akaniuliza kazi, akaniuliza baridi. Nikamwambia, "Mama, naomba unisaidie. Mtoto anapewa kidonge chake?"

Halafu akauliza, "Asipopewa anakuwaje?"

Nikamtajia. Analala kupita kiasi, sauti ya kulia inakwaruza, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakuwa baridi, uso unavimba watu wakidhani ananenepa. Na akili inachelewa, mama, na ikichelewa miezi hii hairudi yote.

Akasema, "Subiri." Nikasikia hatua, nikasikia mlango. Halafu nikasikia redio ya jirani yenu na mbuzi. Hakurudi. Nilishika simu mpaka ikakatika yenyewe, na tangu hapo hakuna anayepokea.

Niandikie chochote. Hata matusi.

Mdogo wako


25 Julai

Wewe,

Matusi uliyoomba nilikuwa nimeyaandika, kurasa mbili, nikayachana. Barua zako mbili zimefika siku moja, pamoja, mambo yakiwa yameshapita. Ile ya kuniuliza ndiyo au hapana imenikuta nikiwa nimeshajibiwa na damu ya mwanangu.

Ndiyo. Nilimwachisha mwanzoni mwa mwezi wa tano. Nilianza kwa kupunguza nusu, nikaona anacheka vile vile, nikasema kumbe anaweza. Kila alipolala nikasema ni utulivu. Nilikuwa naona, mdogo wangu. Moyoni nilikuwa naona, ndiyo maana sikuandika lile neno. Nilitaka sana awe mzima, mpaka nikaacha kumwangalia.

Siku uliyopiga simu, mtoto wa muuza mkaa alikuja mbio dukani: bibi amembeba Kibonge mgongoni anakwenda kliniki, na hasemi na mtu. Nilitoka na tepu shingoni. Niliwakuta kwenye benchi. Mama mkwe alikuwa amevaa ndala moja yake na moja ya mwanawe, na alikuwa amempita kila mtu kwenye foleni, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Daktari alichukua damu. Homoni imeshuka, tezi imevimba zaidi. Hakunifokea. Aliniuliza tu nani aliniambia niache, nikasema hakuna aliyeniambia, na ni kweli, nilijiambia mwenyewe. Kidonge kikasagwa pale pale.

Nilijiandaa kusutwa njia nzima. Nilikuwa na majibu yangu tayari, unanijua. Tulipofika nyumbani akaketi kwenye ngazi ya mlango akampakata mtoto, akasema, "Nilikuwa naye kama huyu."

Kabla ya shemeji yako alizaa mtoto mwingine wa kiume. Hakuna aliyewahi kunitajia. Hata mume wangu anamjua kwa kusikia tu. Alikuwa hasumbui, watu wakamsifu mama yake kwa kupata mtoto mpole. Analala, ananenepa, sauti kama ya mtu mzima mwenye mafua. Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea, maneno yake yalihesabika. Hakurefuka. Wenzake walipokuwa wanacheza yeye alikuwa ameketi ukutani anatafuta jua. Wakamwita Goigoi. Baba yake alimwita hivyo, majirani walimwita hivyo. "Na mimi," akasema. "Nilimpiga, mwanangu. Nilimpiga ili aamke." Homa ikamchukua akiwa bado mtoto.

Nikamuuliza kwa nini alisema kwao hakuna. Akasema, "Nilikuwa namficha. Nilidhani ukijua utamwangalia mwanao kama watu walivyomwangalia wangu." Nami nikadhani ananitafutia kosa! Kumbe alikuwa anazitambua zile nyayo baridi, na anaogopa kusema kwa sababu akisema itakuwa kweli.

Tulilia wote wawili hapo mlangoni, watu wakipita, na sikujali.

Daktari anasema inawezekana hakudhurika sana, kwa sababu tezi yake ilikuwa bado inajikongoja kutoa kidogo. Inawezekana. Watampima anavyokua. Nikimwona anachelewa kushika kijiko roho inaruka. Hilo ni langu, nitalibeba.

Sasa yeye ana swali, na amenishika mkono huu huu wenye kalamu ili niliandike kama alivyosema: "Muulize huyo kijana, mwanangu angepewa kidonge, angekuwaje?" Usimdanganye. Na usiache maneno nusu kama ulivyoniachia mimi.

Halafu wewe na Mwalimu. Umemruka barua zote. Sasa naelewa ni kwa nini, maana si wewe peke yako unayejua kusoma kisichoandikwa. Umehesabu kwamba nakala mbovu inaweza kuwa kwako pia, na umekaa nayo kimya huku msichana wa watu anasubiri. Mficha uchi hazai. Nimejifunza hilo mwezi huu kwa bei kali, nakupa bure.

Dada yako


24 Agosti

Dada, shikamoo, na asante kwa kunirudia.

Mimi mzima. Ulinisoma sawasawa. Tangu ile siku ya visahani viwili nilikuwa namwambia Mwalimu kwamba ukumbi umejaa, kwamba nauli zimepanda, kila mwezi uongo mpya. Jumapili nilimweleza yote. Alikasirika, si kwa sababu ya nakala, bali kwa sababu ya ukumbi. Akasema yeye anafundisha watoto arobaini wenye kila aina ya maumbile na hajawahi kumrudisha hata mmoja. Tutapima damu, wote wawili, kisha tutajua, na tukijua kuna kidonge. Anza kushona, dada. Usimkate mabega mapana.

Kwa Kibonge siwezi kukuahidi kitu. Kila asubuhi anayopata dawa ni asubuhi iliyookolewa, hilo nalijua. Mama wa ghorofa ya juu anakuambia usimpe kidonge pamoja na dawa za kuongeza damu, vinagombana tumboni. Mengine mwachie daktari, na safari hii muulize maswali yako hata foleni ikifika barabarani.

Hii ya chini ni ya mama mkwe. Msomee polepole.

Mama, shikamoo. Umeniuliza swali la haki na nitakujibu ninavyojua. Damu ya mwanao haipo, kwa hiyo hakuna awezaye kuapa kwamba ni ugonjwa ule ule. Tezi hushindwa kwa sababu nyingi. Hata chumvi isiyo na iodini ingeweza. Lakini dalili ulizozisema ni za tezi iliyoshindwa, na mwanao mwingine amempelekea Kibonge nakala mbovu, aliyoipata kwako au kwa mzee. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi ndiyo, mama. Angepewa kidonge tangu siku za kwanza, kila asubuhi, angekua kama ndugu yake. Angetembea na wenzake, angesoma. Hukumlaza wewe, wala mzee, wala hakuwa na tabia mbaya. Ndani ya tezi yake kila kitu kilitengenezwa na hakuna kilichokuwa na mtu wa kukitoa. Alikuwa anajitahidi kuliko sisi sote, na juhudi yake haikuonekana. Fimbo isingemwamsha, na kutopigwa kusingemwamsha. Pole sana, mama. Natamani ningekuwa na jibu jepesi.

Mdogo wako


19 Septemba

Mdogo wangu,

Huku wote wazima. Mama yetu ameshaanza kuwaalika watu kwenye harusi ambayo hamjapanga tarehe, kwa hiyo pangeni upesi. Kitambaa nimeshakinunua. Kibonge amesimama juzi kwa kushika kiti. Akaanguka, akasimama tena, akanikasirikia mimi. Damu ya wiki hii ni nzuri. Sisemi zaidi, nisije nikajitia kijicho mwenyewe.

Nilimsomea mama mkwe ule ukurasa tukiwa jikoni, mchana, nyumba tupu. Nilipofika pale pa "ndiyo, mama" niliinua macho kumtazama, akaniambia, "Soma." Nikasoma mpaka mwisho. Akaniambia nirudie pale unaposema alikuwa anajitahidi. Nikarudia. Akataka tena. Nilikisoma kipande hicho mpaka nikakijua kwa moyo.

Niliogopa kwamba atalia, au atakulaumu, au atasema ingekuwa heri asijue. Mimi nisingeweza kulibeba jibu lile. Akaketi akipapasa kingo za meza. Halafu akasema, "Kwa hiyo hakuwa goigoi."

Nikasema, "Hakuwa, mama."

Akamtaja. Alilitaja jina lake lenyewe, lile alilopewa alipozaliwa, ambalo nyumba hii haijalisikia tangu azikwe. Alilitaja mara moja kwa sauti ndogo, kama anayejaribu mlango, kisha akalitaja kwa sauti ya kuita, jinsi mama anavyomwita mtoto aliye uwanjani arudi ale. Sitaliandika hapa. Ukija, muulize mwenyewe, atakuambia. Siku hizi anamwambia kila mtu.

Dada yako